Vietnam: Marekani alishindwa vijijini kabla hajatua Da Nang

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila ikiletwa mada ya Vietnam humu jukwaani, mazungumzo yanaishia kwenye mahandaki ya Cu Chi, mitego ya mianzi na askari wa Kimarekani waliolewa bangi. Kisha anatokea mmoja anasema "vita vya msituni havipiganiki", watu wanagonga like, uzi unakufa. Leo naomba tuanze mapema zaidi, mwaka 1954 hadi 1963, kabla kikosi cha kwanza cha Marines, askari wa majini wa Marekani, hakijashuka ufukweni Da Nang. Naamini kesi ile iliharibikia kwenye ofisi ya kijiji na kwenye daftari la kodi ya shamba. Kaeni mkao wa kula, ni ndefu.

Tuanze na Mfaransa. Alitawala Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia) tangu karne ya 19. Vita Kuu ya Pili ikaja, Mjapani akaingia, na mwaka 1945 kaskazini kukawa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kati ya laki kadhaa na milioni mbili. Maghala yalikuwa na mpunga wakati watu wanakufa barabarani. Viet Minh, chama cha Ho Chi Minh, wakawa wanaongoza wanavijiji kuvunja maghala yale. Fikiria mwenyewe mkulima aliyeokolewa kwa gunia lile atamsikiliza nani miaka kumi baadaye. Tarehe 2 Septemba 1945 Ho akatangaza uhuru pale Ba Dinh, Hanoi, na hotuba yake ikaanza kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani lenyewe. Hawa jamaa hawakuanza wakiwa maadui wa Washington.

Mfaransa akakataa kuondoka. Vita ikapigwa hadi Dien Bien Phu, ngome ya Mfaransa iliyoanguka tarehe 7 Mei 1954. Hapa nina mambo mawili. La kwanza, upande wa Ufaransa walikuwamo Wamorocco, Waaljeria na askari wa Afrika Magharibi, yaani mtawaliwa aliyepelekwa kumpiga mtawaliwa mwenzake. La pili, Jenerali Giap wa Viet Minh alipandisha mizinga milimani kwa mikono ya watu, na chakula kikaenda kwa baiskeli zilizofungwa mianzi kwenye usukani na kwenye kiti, moja ikisukumwa na mzigo wa zaidi ya kilo 200. Wasukumaji wale walikuwa wanavijiji, maelfu kwa maelfu. Wakati huohuo Marekani ilikuwa inalipa karibu asilimia 80 ya gharama za vita vya Mfaransa. Kwa hiyo mtu asiniambie Marekani iliingia mwaka 1965. Ilikuwa imeshaingia kwa mkoba.

Mkutano wa Geneva ukakata nchi kwenye latitudo ya 17. Mstari ule ulikuwa wa muda, majeshi yajitenge, kisha uchaguzi wa nchi nzima ufanyike Julai 1956. Haukufanyika. Kusini akawekwa Ngo Dinh Diem, Mkatoliki mcha Mungu, mzalendo wa kweli kwa namna yake, aliyekuwa ameishi Marekani kwenye seminari za Maryknoll (naam, hao hao Maryknoll ambao watu wa Musoma na Shinyanga mnawajua). Mwaka 1955 akaitisha kura ya maoni dhidi ya mfalme Bao Dai, akajipa asilimia 98.2. Mji mkuu wake Saigon peke yake kura zilizopigwa zilizidi idadi ya waliojiandikisha. Washauri wake Wamarekani walikuwa wamemwambia asilimia 60 ingetosha kabisa!

Sasa njooni kijijini, ndipo penye mada yangu.

Kwenye Delta ya Mekong, kabla ya vita, mpangaji wa shamba alikuwa anampa mwenye ardhi hata nusu ya mavuno. Viet Minh walipoyashika maeneo yale, wenye ardhi wengi walikimbilia mjini, na mashamba yakagawiwa kwa waliokuwa wanayalima. Miaka ikapita, watu hawalipi kodi kwa mtu. Diem alipokuja, wenye ardhi wakarudi nyuma ya jeshi lake, wakidai chao. Serikali ikatoa sheria za mageuzi ya ardhi mwaka 1955 na 1956, ambazo kwenye karatasi zilionekana nzuri: kodi isizidi robo ya mavuno, na mwenye ardhi abaki na hekta 100, pamoja na 15 za ziada za matambiko ya mababu.

Hekta 100, wakuu. Kwenye delta ambako familia ililima hekta moja au mbili. Na ile robo ya mavuno, kwa mtu aliyekuwa halipi kitu, ilikuwa kodi mpya. Alitakiwa pia alinunue kwa awamu shamba ambalo tayari alijua ni lake.

Mwaka 1956 Diem akafuta chaguzi za mabaraza ya vijiji. Hata Mfaransa kwa sehemu kubwa aliwaachia wanavijiji mambo yao ya ndani. Sasa mtendaji akawa anateuliwa kutoka juu, mara nyingi mgeni, na wengi walikuwa Wakatoliki waliohamia kutoka kaskazini, kundi la watu wapatao laki 8 hadi milioni moja. Mei 1959 ikaja sheria namba 10 ya 1959: mahakama za kijeshi zinazotembea, hukumu ya kifo, na mashine ya kukatia vichwa ikizungushwa wilayani. Walionyakuliwa humo hawakuwa wakomunisti watupu. Aliyegombana na mtendaji juu ya mpaka wa shamba naye angeweza kujikuta kwenye orodha.

Kwa hiyo tarehe 20 Desemba 1960 ilipoundwa NLF, harakati ya ukombozi ya kusini, ile ambayo Saigon iliiita Viet Cong, ilikuta kuni zimeshakauka.

Pembe la Ng'ombe

Nipo siti ya mbele. Usije ukatukatia katikati kama wale wa "itaendelea".

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Naendelea.

Wataalamu wakaja na dawa: vijiji vya kimkakati. Mshauri alikuwa Robert Thompson, Mwingereza aliyetoka kufanya kazi hiyo Malaya (Malaysia ya leo). Operesheni ya kwanza ilifanyika Machi 1962 wilaya ya Ben Cat, kaskazini mwa Saigon. Familia 70 tu zilikubali kuhama kwa hiari. Zilizobaki, zaidi ya 100, zilisukumwa na wanajeshi, na nyumba zao zikachomwa nyuma yao. Marekani ilikuwa imetoa fedha za fidia, lakini zilishikiliwa kwanza hadi ionekane kwamba watu hawatatoroka. Walipofika kwenye makazi mapya walikabidhiwa majembe: chimbeni handaki kuzunguka kijiji, chongeni mianzi muisimike, jengeni ukuta wa udongo. Bila malipo. Geti linafungwa jioni, asubuhi unatoka kwa kitambulisho kwenda kulima shamba lililo mbali. Makaburi ya wazazi wako yamebaki kule, na kwa Mvietnam kuliacha kaburi la baba bila uvumba ni jambo zito mno.

Kufikia Septemba 1962 serikali ilijigamba kwamba watu zaidi ya milioni 4 wako ndani ya vijiji hivyo. Sasa sikilizeni kichekesho: ofisa mmoja aliyekuwa akisimamia mpango huo, Kanali Pham Ngoc Thao, alikuwa jasusi wa wakomunisti. Kazi yake ilikuwa kuuharakisha. Hakuuhujumu hata kidogo, aliusukuma tu uende mbio, akijua kila kijiji kinachohamishwa kwa nguvu kinazalisha maadui wapya.

Matokeo yalionekana kijiji cha Ap Bac, tarehe 2 Januari 1963. Wapiganaji wa NLF wapatao 350 walizingirwa na jeshi la Saigon lenye watu zaidi ya 1,000, helikopta na magari ya deraya. Helikopta tano zikaangushwa, wapiganaji wakatoka usiku. Makamanda wa Saigon hawakutaka kusonga, maana Diem alikuwa amewaonya wasipoteze askari. Alilihitaji jeshi lake la kumlinda dhidi ya mapinduzi. Mshauri wa Kimarekani, Luteni Kanali John Paul Vann, alikuwa juu kwenye ndege ndogo akitukana redioni. Wakubwa wake wakatangaza kwamba ni ushindi.

Juni 11 mwaka huo mtawa wa Kibudha, Thich Quang Duc, alikaa chini kwenye njia panda ya Saigon akajiwasha moto. Shemeji yake Diem, Madame Nhu, akasema hadharani kwamba ni nyama choma ya mtawa. Novemba 2 Diem na mdogo wake Nhu waliuawa na majenerali wao wenyewe, Washington ikiwa imeshatoa ishara kwamba haitazuia.

Baada ya hapo majenerali wakawa wanapinduana. Kulikuwa hakuna serikali ya kusaidia tena. Agosti 1964 likaja lile sakata la Ghuba ya Tonkin, shambulio la pili dhidi ya meli za kivita za Marekani ambalo halikutokea kabisa, na Seneti ikampa Rais Johnson ruhusa ya kupigana kwa kura 88 dhidi ya 2. Machi 8, 1965 Marines wakashuka Da Nang, wakavishwa mashada ya maua na wasichana wa shule. Kufikia Aprili 1969 askari wa Marekani wote wakawa 543,000.

Hayo ya mbele mnayajua. Kwangu mimi, idadi ile yote ya askari ilipelekwa kujaza nafasi ya serikali ambayo kijijini haikuwapo. Na kwa kuwa hawakuwa na namna ya kujua kijiji kipi ni cha nani, wakaanza kuhesabu maiti. Ukiwa na kipimo cha maiti, kila maiti ni adui. My Lai, tarehe 16 Machi 1968, watu 504 kwa hesabu ya Vietnam, wazee, wanawake na watoto wachanga. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisomeka: maadui 128 wameuawa, bunduki 3 zimekamatwa. Bunduki tatu.

Karibuni.

Kijiwe Nongwa

Mleta mada umeandika vizuri ila umependelea. Kaskazini kulikuwa na malaika? Ho Chi Minh naye aligawa ardhi kwa kuchinja watu. Na silaha zake zilitoka kwa Mchina na Mrusi, mbona huyo humwiti mvamizi?

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Mkuu Nongwa, sijasema malaika. Mageuzi ya ardhi ya kaskazini, 1953 hadi 1956, yaliua maelfu ya watu, wengine walioitwa makabaila huku wana nyati mmoja tu. Hali ilichafuka hadi chama chenyewe kikakiri kosa mwaka 1956 na Truong Chinh akavuliwa ukatibu mkuu. Mji wa Hue mwaka 1968 wakomunisti waliushika kwa siku 25 hivi, na baadaye yakafukuliwa makaburi yenye miili takriban 2,800. Hilo halina utetezi.

Kuhusu msaada: China ilipeleka kwa awamu askari zaidi ya laki 3 kati ya 1965 na 1969, wa kujenga reli na kutungua ndege. Mrusi alileta makombora. Tofauti ninayoiona ni moja: Hanoi ilipokea silaha lakini haikuruhusu mtu wa Beijing wala Moscow ateue mtendaji wa kijiji. Na 1979 Mchina huyohuyo alipovuka mpaka kuwaadhibu, walimpiga pia.

Mlima Nyandarua

Salamu kutoka Kenya. Hiyo ya vijiji vya kuzungushiwa mtaro na miba, sisi tunaijua bila kuambiwa. 1954 hadi 1955 Mwingereza alihamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja akawaweka kwenye vijiji zaidi ya 800. Nyanya yangu alichimba huo mtaro. Wamama ndio walichimba, wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Kulikuwa na daraja moja la kuingilia, na saa za kwenda shambani zilihesabiwa. Sasa swali langu kwa mleta mada: kama mbinu hii inazalisha maadui, mbona Kenya Mau Mau walishindwa kivita?

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Asante sana mkubwa, na pole ya bibi. Ujue kuna uhusiano wa moja kwa moja: Aprili 1962 shirika la utafiti la Marekani, RAND, liliwakusanya Washington maofisa waliopigana vita vya namna hii, na mmojawapo alikuwa Frank Kitson, aliyeendesha magenge bandia ya kuwawinda Mau Mau. Uzoefu wa Nyandarua uliwekwa mezani kabisa.

Swali lako ni zuri. Mau Mau hawakuwa na mpaka wa kupitishia silaha, hawakuwa na dola nyuma yao. Malaya nako waasi wengi walikuwa Wachina, kundi ambalo serikali iliweza kulitenga na Wamalay. Vietnam kuanzia Mei 1959 kulikuwa na njia ya msituni kupitia Laos na Kambodia, na aliyeko ndani ya kijiji na aliyeko nje ni ndugu wa damu. Thompson alibeba mpango akasahau mazingira. Halafu tuongeze: Kenya Mwingereza alishinda msitu, lakini mwaka 1963 akashusha bendera. Sijui tuiite ushindi wa aina gani.

Mhitimu wa Mlimani

Nadharia ya ardhi inavutia, ila Korea inaivunja. Nchi ileile iliyogawanywa, koloni la zamani (la Mjapani), Marekani ileile, dikteta wa kusini aliyefanana na Diem. Kusini leo ndiyo Samsung na Hyundai. Mbona pale uvamizi, au uingiliaji, ulifanya kazi?

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Nilikuwa nalisubiri swali hili tangu asubuhi!

Korea inaiunga mkono hoja yangu. Mwaka 1948 utawala wa kijeshi wa Marekani uliwauzia wapangaji ardhi iliyokuwa ya Wajapani. Mwaka 1949 bunge la Seoul likapitisha sheria ya ardhi, na utekelezaji ukaanza 1950, kabla vita haijapamba moto. Kikomo cha mwenye ardhi unakijua? Hekta 3. Linganisha na zile 100 za Diem. Wakorea wa kaskazini waliposhuka Juni 1950 wakitarajia wakulima wainuke, hawakuinuka kwa namna waliyoitegemea. Syngman Rhee alikuwa katili, alifunga na kuua watu wengi, simsafishi. Ila mkulima wake alikuwa na hati mkononi.

Jiografia nayo ilichangia: Korea ina bahari pande mbili, mstari wa mbele unaonekana. Hakuna Laos ya kuzungukia.

Dada Korosho

Mimi wa Mtwara, siasa za dunia siziwezi, ila nacheka. Korosho zetu ghafi zinapakiwa meli kwenda Vietnam, wanabangua wao, wanauza wao. Na Halotel ninayotumia kuandika hapa ni ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Jeshi! Hao waliosukuma baiskeli ndio wamenijengea mnara kijijini kwetu kabla ya wengine wote.

Pembe la Ng'ombe

Dada umenimaliza 😂. Burundi nao Lumitel ni wao hao hao. Mleta mada, Mwalimu alisimama wapi kwenye hili?

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Mwalimu alikuwa wazi. Juni 1965, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola London, Waziri Mkuu wa Uingereza Harold Wilson alitaka upelekwe ujumbe wa amani wa Vietnam, na Nyerere akajitenga nao, haoni amani gani italetwa na Uingereza iliyoiunga mkono Marekani. Nkrumah alikubali kuwamo. Februari 1966 akiwa safarini kuelekea Hanoi, amefika Beijing, akapinduliwa nyumbani.

Dada Korosho, hiyo ya korosho fungulia uzi wake, tutaujaza.

Afande Mstaafu

Nimesoma yote kwa utulivu. Vijana mnapenda sana "wananchi waliinuka". Mimi nilifundishwa vita kama kazi. Saigon aprili 1975 haikutekwa na mkulima aliyenyimwa shamba. Ilitekwa na divisheni za kaskazini, zenye vifaru na mizinga mikubwa, zilizoshuka barabarani mchana kweupe. Wapiganaji wa kusini walikuwa wamemalizwa kwenye Tet 1968, yale mashambulizi makubwa ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam. Na bunge la Marekani lilishakata msaada hadi dola milioni 700. Jeshi bila risasi na mafuta halipigani, hata kama kila raia ana hati ya shamba.

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Shikamoo Afande. Hapo kwenye vifaru sibishi, na Tet iliwagharimu NLF vibaya sana, ndiyo maana baada yake waliojaza vikosi vya kusini walikuwa vijana wa kaskazini.

Lakini angalia lililotokea katikati. Machi 26, 1970 Rais Thieu wa kusini alisaini sheria ya ardhi kwa anayelima. Mpangaji anapata shamba bure, mwenye ardhi analipwa na serikali kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilitoka Marekani. Ndani ya miaka mitatu hivi iligawiwa takriban hekta milioni moja, nyingi zikiwa kwenye delta. Na delta ikatulia kuliko wakati wowote tangu 1959. Mwaka 1975 nyanda za juu zilianguka Machi, Hue na Da Nang zikafuata mwezi huohuo, lakini miji ya delta ilikuwa bado mikononi mwa jeshi la Saigon hadi siku Rais Duong Van Minh alipotangaza kusalimu amri, Aprili 30. Sheria ile ingetoka 1956, Marines wangekwenda Da Nang kufanya nini?

Afande Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye delta nakupa nusu. Nusu nyingine nabaki nayo: Ban Me Thuot, mji wa nyanda za juu, ilianguka Machi 10 na 11 kwa sababu Thieu alisambaza jeshi lake nchi nzima hadi kila mahali likawa jembamba, kisha akaamuru kurudi nyuma kutoka nyanda za juu kwa barabara moja mbovu, bila kuwaambia maofisa wa chini. Familia za askari zikachanganyikana na msafara. Askari akiona mkewe na watoto wako barabarani chini ya mizinga, anatupa bunduki anawafuata. Hiyo haina ukomunisti wala ubepari.

Mchungulia Ramani (mleta mada)

Hiyo nusu naipokea. Na wale maofisa waliobaki walikwenda kambi za mafunzo ya kisiasa, wengine miaka kumi na zaidi, huku watu laki kadhaa wakiikimbia nchi kwa mashua. Kesho jioni nitaongeza sehemu ya Laos, maana tani zaidi ya milioni 2 zilizomwagwa pale kwenye nchi ambayo hakuna aliyeitangazia vita haziwezi kukaa kwenye aya moja.